Mwenyeji yupi kwa sampuli ipi: saiklodekstrini, kukabiturili, kaliksarini au asidi ya boroni?

Walimu wa kemia na vijana wa maabara hapa Kigoma, na wachache wa Tabora, huniuliza swali ambalo ukilichuja linabaki moja: nikitaka kupima kitu kidogo kilichoyeyuka kwenye maji kwa kutumia molekuli zinazobadilisha mwanga, ninunue ipi? Anayeuliza mara nyingi ameshaona jedwali la nguvu za mshiko mahali fulani, na moyoni ameshachagua yenye namba kubwa kuliko zote. Mimi humrudisha nyuma. Kabla ya namba hiyo nataka kujua sampuli ni nini, imeandaliwaje, na imetiwa chumvi au la. Dagaa, mahindi na asali ndivyo vitu watu wa huku wanavyotaka kupima, na kila kimoja kina jibu lake.

Tuelewane kwanza juu ya kazi yenyewe. Molekuli mwenyeji ina uwazi ndani yake. Molekuli ndogo, mgeni, inaingia humo na kutoka, na muda wote kuna idadi fulani iliyo ndani na idadi iliyo nje. Elimu hii ilikua kutokana na kazi ya Charles Pedersen, Donald Cram na Jean-Marie Lehn, waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1987. Fluoresensi nayo ni tabia ya baadhi ya molekuli kunyonya mwanga wa wimbi fupi na kutoa mwanga wa wimbi refu zaidi. Chukua tochi ya kukagulia noti, ile ya urujuanimno, uimulike kwenye chupa ya maji ya toniki gizani: utaona rangi ya buluu. Hiyo ni kwinini. Sasa tia chumvi ya Uvinza kijiko kimoja, tikisa, mulika tena. Buluu imefifia, kwa sababu kloridi inainyang'anya kwinini nishati yake kabla haijaitoa kama mwanga. Likumbuke jaribio hilo, maana chumvi itatusumbua mpaka mwisho.

Rangi, yaani molekuli inayong'aa kama ile kwinini, ikiwa majini peke yake hupoteza nishati kwa kujizungusha na kugongana na molekuli za maji. Ikiingia kwenye tumbo la mwenyeji inatulia, na mara nyingi inang'aa zaidi. Lakini kuna wenyeji ambao kuta zao huipa rangi elektroni, na rangi ikiingia inazimika. Kwa hiyo kuna njia tatu za kupata ishara. Ya kwanza, mgeni unayemtafuta anang'aa mwenyewe, na mwenyeji anamzidishia. Ya pili, rangi imeunganishwa moja kwa moja na mwenyeji, na mgeni akifika mwanga unabadilika. Ya tatu, rangi imekaa kwa mwenyeji kama mpangaji, halafu mgeni mwenye haki zaidi anafika na kuitoa. Wewe unasoma mabadiliko ya mwanga wa rangi iliyotolewa. Njia hii ya tatu ilienezwa sana na Eric Anslyn wa Texas. Mwaka 1998 yeye na mwenzake walipima sitrati kwenye vinywaji kwa kuiacha iitoe rangi iitwayo kaboksifluoreseini.

Namba ya mshiko inasomwa hivi: ikiwa ni 1,000, basi mwenyeji aliye huru akiwa milimola 1 kwa lita, nusu ya wageni wako ndani. Ikiwa ni milioni moja, nusu wanaingia mwenyeji akiwa maikromola 1 tu.

Saiklodekstrini: mnyonge anayefanya kazi kubwa kwenye mahindi

Hizi ni pete za glukosi zinazotengenezwa kwa kimeng'enya kutoka kwenye wanga. Villiers alizielezea mwaka 1891. Alfa ina glukosi 6, beta 7, gama 8. Beta ina uwazi wa takriban nanomita 0.6 hadi 0.65, unaotosha pete moja au mbili za benzini. Nje inapenda maji, ndani haiyapendi. Ni ya bei nafuu kuliko zote nne, haina sumu ya kukutisha, na hutumika hata kwenye vipulizio vya kuondoa harufu nguoni.

Udhaifu wake uko kwenye mshiko: kwa wageni wengi ni mamia hadi maelfu. Wengi wakiona hivyo wanaiacha. Wanasahau kitu kimoja. Mwenyeji huyu hang'ai, kwa hiyo pale ambapo mgeni anang'aa mwenyewe unaweza kummiminia mwenyeji mwingi upendavyo bila kuharibu kipimo.

Chukua aflatoksini B1, sumu ya kuvu wa mahindi. Ukomo wa Afrika Mashariki kwenye mahindi ni maikrogramu 5 kwa kilo kwa B1, na 10 kwa aflatoksini zote kwa jumla. Ukilowesha gramu 25 za unga kwenye mililita 100 za kiyeyushi, ukomo huo unakuwa kama nanomola 4 kwa lita. Ni kidogo mno. Kwa njia ya kumtoa mpangaji ungehitaji mshiko wa mamia ya mamilioni. Lakini B1 inang'aa yenyewe buluu chini ya nanomita 365, hafifu ikiwa majini, na beta-saiklodekstrini huiongezea mwanga. Beta huyeyuka kama gramu 18 kwa lita, yaani karibu milimola 16. Weka milimola 5 tu, na hata mshiko wa 1,000 unatosha kuingiza karibu 83 katika kila 100 ya B1 yote iliyopo. Maabara kubwa hutumia ujanja huu huu ndani ya mashine za kromatografia.

Mtego upo kwenye kiyeyushi. Aflatoksini hutolewa kwenye unga kwa methanoli iliyochanganywa na maji, na methanoli nyingi humfanya mgeni aone raha nje kuliko ndani. Zimua kwa maji kwanza, ndipo utie saiklodekstrini. Mtego wa pili ni mahindi yenyewe: yana vitu vingine vinavyong'aa. Wapo wanaomulika tochi ya noti kwenye punje, wakiona kijani-manjano wanasema hiyo ndiyo sumu. Mng'ao huo unatokana na asidi ya kojiki iliyobadilishwa ndani ya punje. Ni dalili kwamba kuvu alipita, si aflatoksini yenyewe, na punje isiyong'aa inaweza kuwa na sumu vilevile. Bila kusafisha kimiminika kwa safu ya kingamwili, inayoshika aflatoksini na kuacha vingine vipite, usitangaze namba yoyote. Tukumbuke Dodoma na Manyara mwaka 2016, watu walikufa kwa mahindi yaliyoonekana ya kawaida. Vyombo vyako ukimaliza loweka kwenye jiki, inaiharibu aflatoksini.

Chumvi haimsumbui sana mwenyeji huyu. Hiyo ni sifa ambayo majedwali hayaiandiki.

Kukabiturili: mwenye nguvu, na dagaa wa Kibirizi

Behrend aliitengeneza mwaka 1905 bila kujua umbo lake. Mock na wenzake waliligundua mwaka 1981, pipa lililo wazi juu na chini, likapewa jina la jamii ya maboga. Mwaka 2000 hivi kundi la Kimoon Kim wa Korea Kusini likatenganisha ndugu zake wa ukubwa tofauti, na tangu hapo anayetumika zaidi kwa kazi yetu ni CB7, yaani kukabiturili yenye vipande 7. Mlango wake una nanomita 0.54, tumbo 0.73. Milangoni kuna oksijeni zinazopenda chaji chanya, tumboni kunapenda mafuta. Kwa hiyo anampenda sana mgeni mwenye mwili wa kaboni na amini, kikundi chenye naitrojeni, yenye chaji mwishoni. Kuna mgeni mmoja ambaye anashikwa kwa 10 kipeo cha 17, namba ya kutisha kwenye kemia ya maji.

Samaki akiharibika, bakteria huondoa kaboni dayoksaidi kwenye amino asidi: laisini inakuwa kadaverini, histidini inakuwa histamini. CB7 anaishika kadaverini kwa mamilioni, wakati laisini iliyoizaa anaishika kwa mamia tu. Werner Nau na wenzake wa Bremen walitumia tofauti hiyo mwaka 2007 kufuatilia vimeng'enya vikifanya kazi, dakika kwa dakika, ndani ya kuveti, kile kichupa cha kupimia mwanga. Kwa mtu wa Kigoma hiyo ni kama habari ya nyumbani, hasa miezi ya mvua, kuanzia Novemba, dagaa wanapolala vichanjani siku nzima bila kukauka.

Rangi ninayoipendekeza kuanzia ni baberini. Ni ya mimea, si ghali, na majini karibu haing'ai. Tia CB7, umulike kwa tochi ya nanomita 365: testi tyubu inawaka manjano-kijani unayoiona kwa macho, mamia ya mara zaidi ya mwanzo. Tia matone ya kimiminika cha dagaa walioharibika, manjano inazama taratibu. Darasa zima la kidato cha sita linaona bila mashine. Ukipiga picha kwa simu, funga kwanza mwangaza wa kamera, la sivyo kamera itarekebisha yenyewe na testi tyubu iliyofifia itatokea sawa na inayowaka. Chagua tochi ya 365. Zile za 395 zinamwaga zambarau nyingi inayochanganya macho. Na usiimulike usoni.

Sasa hapa ndipo pa kutulia. Mama mmoja mwuza dagaa pale mwaloni Kibirizi aliniuliza, "Mwalimu, hiyo taa yako inanishinda nini mimi? Nikinusa gunia najua." Nikamwambia, "Kwa kadaverini, mama, haikushindi kitu." Ni kweli. Kadaverini na putresini ndizo harufu za uozo, na pua ya mtu aliyekulia mwaloni inazijua. Baberini na CB7 wanakupa pua hiyo kwa namba, ambayo ina faida yake ukitaka kulinganisha vichanja viwili au kuandika ripoti. Lakini kinachowapeleka watu hospitali wakiwa wamevimba na kuwashwa ni histamini, na histamini haina harufu ya kukuonya. Tena haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Ukomo wa kimataifa ni miligramu 200 kwa kilo ya samaki.

Je, CB7 na baberini watakuonyesha histamini? Vigumu. CB7 anaishika histamini kwa makumi ya maelfu, na baberini kwa milioni na zaidi. Mgeni mnyonge hawezi kumtoa mpangaji mwenye nguvu kumzidi mara mia. Hapo unabadilisha rangi, mwenyeji unamwacha yuleyule. Akridini ya chungwa, ambayo baadhi ya maabara za hospitali huijua kwenye kutafuta vimelea vya malaria, inashikwa kwa laki kadhaa. Dapoxyl, ambayo Nau aliitumia, inashikwa kwa makumi ya maelfu na mwanga wake huongezeka kama mara 200 ikiwa ndani. Hiyo ya mwisho ndiyo inayolingana na histamini. Ni ghali na inataka mashine. Hesabu inakubali: miligramu 200 kwa kilo ni milimola 1.8, ukisaga gramu 10 kwenye mililita 100 unapata maikromola 180, ukolezi unaotosha kwa mshiko wa makumi ya maelfu.

Tatizo linabaki kwamba CB7 hachagui. Kadaverini kidogo tu iliyomo kwenye sampuli hiyohiyo itaitoa Dapoxyl kabla ya histamini nyingi. Unachokisoma ni jumla ya amini, na kila moja ina uzito wake. Kwa kupima ubichi wa samaki hilo ni zuri. Kwa kusema "histamini ni kiasi hiki" ni uongo usiokusudiwa.

Halafu kuna chumvi. Sodiamu inakaa kwenye milango ya CB7. Samaki aliyetiwa chumvi mpaka ikafika sehemu 10 katika 100, ukimsaga kama nilivyosema, anakupa karibu mola 0.17 ya chumvi. Hiyo inapunguza mshiko mara ishirini na zaidi. Baberini itavumilia, Dapoxyl itaanza kutoka yenyewe kabla mgeni hajafika, na utasema samaki ameoza kumbe ana chumvi tu. Tiba ni kuzimua. Na kuzimua ndiko kunakonifanya niiheshimu namba kubwa ya mshiko: haikupi usahihi wala uchaguzi, inakupa ruhusa ya kuzimua. Kadaverini inayoshikwa kwa mamilioni unaweza kuizimua mara mia, chumvi ikashuka hadi milimola chache zisizo na madhara, na mgeni bado akaonekana. Histamini ukiizimua hivyo imepotea. Dagaa wa kukaushwa juani bila chumvi, ambao ndio wengi wetu tunawajua, wanakuwa rahisi zaidi kuliko migebuka ya chumvi.

Tumia bafa nyepesi ya amonia asetati, milimola 10, kwenye pH 6 hivi, ili amini zibaki na chaji. Usitumie maji ya bomba wala ya ziwa kuandalia: Ziwa Tanganyika lina pH karibu 9 na magnesiamu ya kutosha, na ayoni hizo nazo zinapenda milango ileile.

Kaliksarini: nzuri kwenye karatasi

Kaliksarini yenye vikundi vinne vya salfoneti inayeyuka majini vizuri, ina bakuli la pete nne za fenoli, na inashika wageni wenye chaji chanya kama kolini, asetilikolini na parakwati, ile dawa ya magugu. Rangi inayoambatana nayo zaidi ni lusijenini. Nje ya bakuli lusijenini inang'aa kijani kali. Ndani inazimwa na fenoli. Kwa hiyo mgeni akifika, mwanga unawaka badala ya kuzimika. Watu wanaipenda kwa hilo, na wana haki: jicho linaona cheche gizani kwa urahisi kuliko linavyoona mwanga uliopungua kidogo.

Lakini lusijenini ni mojawapo ya rangi zinazotumika kupima kloridi, maana kloridi inaizima. Milimola 2 au 3 za kloridi zinaondoa nusu ya mwanga wake. Kwa kile kimiminika cha samaki wa chumvi, mola 0.17, mwanga unabaki chini ya sehemu moja katika 60. Mgeni anaitoa rangi vizuri kabisa, rangi inatoka, na inatoka ikiwa imezimwa. Utaandika kwamba hakuna kitu. Kosa hili ni baya kuliko la CB7, kwa sababu CB7 akidanganywa na chumvi anasema samaki mbovu, huyu anasema samaki mzima.

Kwa maji ya mvua au ya kisima yenye kloridi kidogo, ukitafuta parakwati, nitakuruhusu. Kwa samaki, hapana.

Asidi ya boroni, na watu wa asali

Huyu ni wa aina nyingine. Hana tumbo, asidi ya boroni inajifunga na sukari kwenye vikundi viwili vya haidroksili vilivyokaa jirani, na kifungo hicho kinaweza kufunguka. Rangi imeunganishwa nayo. Kazi ya Tony James na Seiji Shinkai huko Japani mwaka 1994 iliweka amini katikati ya antrasini na boroni: amini ikiwa huru inaizima antrasini kwa kuipa elektroni, sukari ikikaa, amini inabanwa na boroni na antrasini inawaka. Wazo la kuzima na kuwasha kwa elektroni liliendelezwa sana na A. Prasanna de Silva, mwana wa Sri Lanka aliyefanya kazi Belfast.

Hii ndiyo iliyofika mbali zaidi kimatumizi. Kihisi cha Eversense, kinachopandikizwa chini ya ngozi ya mkono wa mgonjwa wa kisukari, kinatumia kemia ya boroni inayong'aa. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2018 kikae siku 90. Mwaka 2024 ikaidhinisha cha siku 365. Wahandisi walikipa mazingira ambamo glukosi ndiyo sukari pekee ya kuhesabika, yaani maji ya mwilini.

Asali ya Tabora siyo mazingira hayo. Asali ina fruktosi nyingi kuliko glukosi, na asidi ya boroni ya kawaida inashika fruktosi kwa namba kama 160 dhidi ya glukosi kama 5 kwenye pH 7.4. Sukari ya mezani, ambayo ndiyo mlanguzi anaitia, karibu haishikwi. Kwa hiyo chombo kingekuonyesha vizuri kabisa kile ambacho hukuuliza. Ndugu zangu wa Tabora, kwa asali nunueni rifraktomita ya mkononi mpime maji. Ukomo wa kawaida ni sehemu 20 katika 100, na asali iliyozidi hapo inachacha. Haivutii kama testi tyubu inayowaka, lakini inajibu swali la mnunuzi.

Kwa anayetaka kuona wote wanne kwa pamoja:

| | Beta-saiklodekstrini | CB7 na rangi | Kaliksarini na lusijenini | Asidi ya boroni |
|---|---|---|---|---|
| Mgeni anayefaa | Anayeng'aa mwenyewe, kama aflatoksini B1 | Kadaverini, jumla ya amini | Kolini, parakwati | Sukari, hasa fruktosi |
| Mshiko | Mamia hadi maelfu | Makumi ya maelfu hadi mamilioni, wachache zaidi ya hapo | Maelfu hadi mamilioni | Mamoja hadi mamia kwa ile rahisi |
| Chumvi ikizidi | Haijali sana | Mshiko unapungua. Zimua | Ishara inakufa | Athari ndogo. pH ndiyo tatizo |
| Adui mkubwa | Methanoli, mng'ao wa unga | Kutochagua | Kloridi | Sukari nyingine |
| Bei | Nafuu | Ghali, lakini unatumia kidogo | Ya kati | Ghali ikiwa na rangi yake |
| Bila mashine? | Hapana | Ndiyo, kwa baberini | Kwa maji safi tu | Hapana |

Kuna mshindani wa tano ambaye si mwenyeji hata kidogo, na kwa histamini ndiye ninayemchagua: ofthaldehaidi. Yenyewe inaungana na histamini moja kwa moja, haitoki tena, na kinachozaliwa kinang'aa ukikimulika kwa nanomita 350 hivi na kusoma karibu na 450. Sampuli inapitishwa kwanza kwenye safu ya resini inayobadilishana ayoni ili kuiacha histidini na wenzake nyuma, kwa hiyo swali la uchaguzi linajibiwa na safu, si na rangi. Ni njia ya zamani, inatambulika rasmi, na kemikali zake zinapatikana. Ubaya wake ni kwamba huwezi kufuatilia kitu kikibadilika: ukishaiweka, imeshafunga. Wenyeji wanne wa juu wanaacha mgeni aingie na kutoka, na kwa kihisi cha kukaa mahali hilo ndilo linalohitajika.

Kwa mradi wa mwanafunzi hapa Kigoma ningechukua CB7 na baberini, nikalinganisha dagaa waliokaushwa mchangani na wale wa vichanja, siku ya jua na siku ya mawingu, nikiandika wazi kwamba napima jumla ya amini. Andaa mstari wa marejeo kwa kadaverini halisi ndani ya kimiminika cha dagaa wazuri, usiuandae kwenye maji matupu, maana mafuta na rangi ya samaki hunywa sehemu ya mwanga. Chuja mpaka kimiminika kionyeshe maandishi ya gazeti lililowekwa nyuma ya chupa. Pima chombo cha marejeo na cha sampuli ndani ya saa ileile: chumba kikipata joto mchana, mshiko na mwanga vyote vinashuka, na betri ya tochi nayo inachoka.

Kwa mfanyabiashara anayepakia mzigo kwenye treni kwenda Tabora na Dar es Salaam na kudaiwa karatasi na mnunuzi, hakuna hata mmoja kati ya hawa wanne anayempa karatasi hiyo. Masuala ya usalama wa chakula yako TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu mwaka 2019, na wanachokikubali ni kipimo kilichothibitishwa kutoka maabara inayotambulika. Atenge sampuli mapema, azigandishe, na azisafirishe kwenye barafu, kwa sababu histamini inaendelea kuzalishwa njiani kama samaki mbichi akikaa kwenye joto, na maabara itapima kilichofika mezani kwake.